Viti Vilivyotangulia Kifo

Jedidah alichora mji wa Tsarmik nyuma ya ratiba ya zamu, juu ya meza ya jikoni kwake Mansfield, Texas. Alichora mto, barabara moja, duka lenye simu, nyumba ya wageni. Halafu akachora mstari wa kupanda mpaka kijiji cha juu na kuandika pembeni: mwendo wa saa mbili kwa gari.

"Na hospitali?" Kalume aliuliza.

Kalamu ilishuka, ikatoka kwenye karatasi, ikaenda kusimama karibu na chupa ya chumvi. "Hapa. Karatasi haitoshi."

Kalume alikuwa amepeleleza kesi kwa polisi wa Kenya miaka kumi na tisa, Malindi na Kilifi. Sasa alifanya kazi hiyo hiyo kwa wakili mmoja wa Houston, na asubuhi hiyo alikuwa ameendesha gari saa nne kuja kumsikiliza mteja. Ilikuwa Jumanne, Februari 2019. Ijumaa bodi ya wauguzi ingeketi kuamua kama Jedidah abaki na leseni yake au anyang'anywe. Malalamiko yenyewe yalikuwa ukurasa mmoja na nusu. Yalisema kwamba tarehe 16 Oktoba, katika ziara ya kanisa huko Nepal, aliachiwa mgonjwa na gari la kumteremshia, akakaa na vyote viwili mpaka mgonjwa akafa.

Mgonjwa alikuwa Jepchirchir, miaka arobaini na moja, mhudumu wa wagonjwa, mke wa Kiprop, dereva wa lori wa Mesquite.

"Anza mlipofika mjini."

"Jumatatu jioni. Nyumba za mawe, paa bapa, wamepanga kuni na majani ya ng'ombe juu ya paa mpaka huoni ukingo. Baridi ya kukata masikio. Mwenye nyumba akatupa chai ya chumvi na siagi. Jepchirchir akasema hii ni supu imekosa nyama. Tulicheka. Baadaye akasema kichwa kinamgonga."

"Mlikuwa mmepumzika njiani?"

"Ratiba ilisema tulale siku mbili mji wa chini tuzoee hewa. Mogaka akazifuta." Mogaka ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya misheni na kiongozi wa msafara. "Alisema nyinyi mmezaliwa milimani, mtazoea nini? Na Jepchirchir mwenyewe akamuunga mkono. Akasema, 'Mimi ni mtu wa Iten, mwinuko utaniambia nini?'"

"Iten ina futi ngapi?"

"Elfu nane hivi. Tsarmik ni karibu elfu kumi na tatu. Na alikuwa ameishi Texas miaka kumi na minne, kaka Kalume. Hapa mahali pa juu kabisa ni daraja la barabara kuu." Hakucheka. "Jumanne alfajiri alikuwa akikohoa povu. Midomo imebadilika rangi. Hayo ni maji kwenye mapafu, na dawa yake ni kushuka. Nikamwambia Mogaka tumshushe sasa hivi. Akasema anapeleka wageni kijiji cha juu kufungua zahanati, gari litarudi saa sita mchana. Akaondoka nalo saa mbili asubuhi."

"Lilirudi?"

"Nililiona Jumatano. Nilikwenda dukani nikapiga simu yake ya setilaiti mara tatu. Saa tano akaniambia gari linakuja. Saa saba na nusu akaniambia mkuu wa wilaya hajafika, hawezi kuharibu sherehe. Mwenye nyumba akatutafutia farasi. Tukamfunga kwa mablanketi tukaanza kushuka kwa miguu. Alikata roho njiani, saa kumi na nusu jioni, Jumanne. Nikarudi dukani nikapiga mara ya tatu."

Kalume alitoa nakala ya cheti cha kifo. Kilisema Jumatano, tarehe 17, saa kumi na moja alfajiri, kitandani. Chini palikuwa na sahihi mbili.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu. Mogaka alikiandikisha cheti kituo cha polisi akaniletea. Maandishi yao kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba, sikuelewa hata neno. Aliniambia ni ruhusa ya kusafirisha mwili."

"Ukatia sahihi."

"Nikatia."

Kalume aliandika hilo pia.

* * *

Mogaka alikuwa na nyumba ya kulea wazee Arlington, na ndani yake ofisi yenye kiti cha ngozi na picha kubwa ya ufunguzi wa zahanati. Katika picha alikuwa amevaa skafu nyeupe ya heshima shingoni, kashika mkasi. Nyuma yake milima ilikuwa mieupe kama meno.

"Mpwani," alisema. "Nasikia ulikuwa askari wa kukimbizana na wauza mnazi."

"Na wanywaji, mzee. Hao ndio wana mbio. Nataka tu kuhakikisha ripoti yako ya msafara."

Ripoti ilikuwa ya kurasa tisa. Mahali penye sifa mwenyekiti alitajwa kwa jina mara kumi na moja. Mahali penye kosa palikuwa na jina moja tu, la muuguzi. Ndivyo wakubwa wanavyoandika.

"Ulipanda na gari Jumanne asubuhi."

"Nikalirudisha saa sita na dereva wake, likae kwa Jedidah. Mimi nikalala huko juu bila gari."

"Ulijua lini kwamba amefariki?"

"Jumatano karibu saa sita mchana, niliposhuka. Alikuwa amekufa alfajiri. Yule dada alikuwa na gari saa kumi na saba." Alihesabu kwa vidole, bila haraka. "Kumi na saba!"

"Simu ya setilaiti?"

"Haikushika hata mara moja. Milima ile ni kuta."

"Kwa hiyo Jumanne yote hukuzungumza na mtu."

"Na Mungu tu."

Kalume alimwomba arudie majibu mawili, la simu na la siku aliyopata habari, kwa kinasa sauti. Mogaka akarudia kwa sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti.

Kulikuwa na jambo moja la kuhakikisha kabla ya kuondoka eneo hilo. Kati ya Tsarmik na kijiji cha juu pana kizuizi cha polisi, na kila mgeni husaini daftari. Wakala wa safari alikuwa amemtumia wakili picha za kurasa. Kalume alizisoma ndani ya gari, kwenye maegesho. Mogaka alipita kupanda Jumanne saa mbili na dakika kumi asubuhi, akapita kushuka Jumatano saa tano na dakika ishirini. Alimpigia wakala simu akamuuliza kama dereva akipita peke yake huandikwa.

Wakala alijibu kwamba dereva ni mwenyeji. Wenyeji hawaandikwi.

Kwa hiyo daftari lilikubaliana na Jedidah, na lilikubaliana na Mogaka vilevile. Kalume alikunja kurasa akaziweka chini ya bahasha.

* * *

Jirani wa marehemu kule Mesquite aliitwa Gaudence, Mrundi, mfungasha mizigo wa zamu ya usiku katika ghala. Alifungua mlango akiwa na kilemba na jicho moja limefumba.

"Karibu, papa. Samahani, mimi sasa ndio niko nalala."

"Sitakaa, mama. Nasikia ufunguo wa nyumba ya Kiprop ulikuwa kwako."

"Jepchirchir aliniachia, juu ya kumwagilia maua. Maua yenyewe ni ya plastiki mbili na ya kweli moja. Alikuwa mtu wa kuchekesha, yule mama."

"Wanawake wa kanisa walikuja lini kukuomba ufunguo?"

"Walikuja asubuhi, kama saa nne. Wamama watatu na gari kubwa. Wakasema Jepchirchir anaumwa sana kule, tunakuja kumuombea na bwana wake. Nikafungua. Wakaingiza sufuria, unga, sukari. Halafu viti."

"Viti gani?"

"Vya kukunja, vya kanisa. Nilihesabu thelathini, nikaacha kuhesabu. Nikaenda kwangu, nikakaa kitandani, nikalia."

"Walikuwa wamekuambia anaumwa."

Gaudence alimtazama kama mtu anayepimwa akili. "Papa, wewe si Mwafrika? Mtu wa kuumwa unamletea viti thelathini? Nilijua amekufa wakati kiti cha kwanza kinaingia. Sikusema kitu. Habari ya namna hiyo hasemi jirani. Inangojea wakubwa waje, waseme pole pole."

"Ilikuwa siku gani?"

"Jumanne. Ao Jumatano. Mimi natumika usiku, siku zangu zinaingiliana. Siwezi kuapa."

"Ukiulizwa mbele ya watu?"

"Nitasema hivi hivi. Siwezi kuapa."

Ndani ya gari Kalume alichora safu mbili, Texas na Nepal. Mwezi wa Oktoba Nepal huwa mbele kwa saa kumi na dakika arobaini na tano. Kama viti vilifika Jumatano saa nne asubuhi, Mogaka alikuwa salama. Habari ilikuwa imepata muda wa kutosha kufika. Kama vilifika Jumanne saa nne asubuhi, huko Tsarmik ilikuwa Jumanne usiku, saa tatu kasoro robo. Kwa ripoti ya mwenyekiti, mgonjwa alikuwa bado anapumua.

* * *

Kiprop alikuwa uani kwa kampuni ya malori, anagonga matairi kwa nyundo.

"Wewe ndio wa Jedidah?"

"Ndiye mimi. Pole kwa msiba."

"Pole yako weka. Mimi ndio nilisaini hiyo complaint, na nitaisaini tena. Aliachiwa gari. Gari, bro! Mimi ningemshusha mke wangu hata na wheelbarrow."

"Nani aliandika malalamiko?"

"Mzee Mogaka alinisaidia na Kizungu. Kwani?"

"Nina swali moja tu, halafu nikuache. Siku ulipokuta wale akina mama nyumbani kwako, ilikuwa siku gani?"

"Jumatano. Nilifika mchana nikawakuta jikoni. Wakaniambia amelazwa, tuombe. Jioni, sijui ya hiyo siku ama ya kesho yake, pastor akaja na wazee, wakaniambia." Aligonga tairi lisilohitaji kugongwa. "Zile siku mbili zimenishikana kichwani."

"Jirani anasema huenda ilikuwa Jumanne."

"Gaudence? Huyo analala mchana, atajua nini?"

"Kuna namna ya kujua kwa hakika?"

Kiprop alicheka kidogo, kwa dharau. "Mimi hata nikisimama kukojoa, serikali inajua. Kila dakika inaandikwa na hiyo mashine kwa dash. Kampuni inaweka rekodi miezi sita. Kuja nikuonyeshe, ndio umalize hii maneno yako."

Ofisini alikuwapo mwanamke mmoja aliyepanga safari za madereva, dispatcher, mwenye simu mbili na chai iliyopoa. Kiprop alimwomba rekodi yake ya Jumatano, tarehe 17 Oktoba. Mashine ikatoa karatasi. Mstari ulikuwa mmoja, umenyooka kutoka usiku wa manane hadi usiku wa manane: hayuko kazini.

"Hii si yenyewe," Kiprop alisema. "Hiyo siku nilikuwa nimetoka. Nilirudishwa njiani."

"Toa ya Jumanne," Kalume alimwambia dispatcher.

Karatasi ya pili ilikuwa na ngazi. Kuondoka Mesquite saa mbili na dakika thelathini na moja asubuhi. Kusimama Sulphur Springs saa tatu na dakika hamsini na nane. Kugeuza saa nne na dakika kumi. Chini dereva alikuwa ameandika mwenyewe kwamba mzigo umefutwa, anarudi.

Kiprop aliisoma kwa kidole.

"Nani alifuta mzigo?" Kalume aliuliza.

Dispatcher aliweka chai chini. "Haukufutwa. Nilimpa dereva mwingine." Alimtazama Kiprop, akatazama kando. "Mke wa Mzee Mogaka alinipigia. Alisema Kiprop amefiwa na mke wake, mzee amepiga simu kutoka huko. Asiambiwe akiwa barabarani, mtafutie sababu arudi. Ndio nikakudanganya. Ungefanya nini na lori la pauni elfu themanini, ukiambiwa hivyo?"

"Saa ngapi?"

Alifungua simu moja, akatelezesha kidole mpaka Oktoba. "Saa tatu na dakika hamsini na mbili."

Kalume aliandika saa hiyo kwenye safu ya Texas. Kwenye safu ya Nepal akaandika: Jumanne, saa mbili na dakika thelathini na saba usiku. Chini yake akaandika saa ya kifo ya Mogaka. Kati ya hizo mbili kulikuwa na saa nane na dakika ishirini na tatu. Alimgeuzia Kiprop daftari na kumweleza mara moja, polepole.

Kiprop hakuomba aelezwe tena.

"Hiyo siku nilimtumia voice note sita," alisema. "Wale wamama walikuwa wananiambia, endelea, atasikia akiamka. Walikuwa wanajua, wote."

"Walikuwa wakifuata desturi."

"Najua desturi. Hata mimi nimewahi kudanganya mtu hivyo." Alikunja karatasi, akaikunjua tena. "Lakini Mogaka aliniambia simu ilikuwa haishiki."

"Aliniambia hivyo pia. Nimemnasa sauti."

"Unataka nisaini?"

"Hii rekodi ni yako, nawe ndiye mlalamikaji. Ukiithibitisha, bodi itaisoma. Usipoithibitisha, nitaomba kwa njia ya wakili na haitafika kabla ya Ijumaa."

"Hao watu walizika mke wangu. Walinipikia wiki mbili."

"Najua."

Kiprop alichukua kalamu ya dispatcher. Alisaini pande zote mbili za karatasi, ingawa upande mmoja ulitosha. Kisha akasema ana swali lake kwa Mogaka, Kalume ampelekee. Kalume aliliandika neno kwa neno.

* * *

Saa kumi jioni Mogaka alimkuta Kalume ofisini kwake, ameshakaa.

"Umerudi, mpwani. Nani amekufungulia?"

"Bibi mmoja mwenye fimbo. Alidhani mimi ni mwanawe." Kalume aliwasha kinasa sauti akakiweka mezani, kisha akaweka rekodi ya lori kando yake. "Mzee, Jumanne saa mbili na nusu usiku huko Nepal, mkeo hapa Texas alikuwa akimwambia mtu kwamba Kiprop amefiwa. Alijuaje?"

Mogaka alisoma karatasi. Alivaa miwani, akaisoma tena.

"Wanawake huota."

"Alisema wewe ulipiga simu."

Nje ya mlango mtu alikuwa akiita nesi, nesi, bila kuharakisha.

"Sawa," Mogaka alisema. "Ilishika mara moja. Jedidah alinipigia kutoka dukani jioni ile. Akaniambia mama ameaga. Na mimi nikafanya lililonipasa. Nikampigia mke wangu, nikamwambia kabla ya yote hakikisha Kiprop ametoka barabarani. Ungetaka asikie akiwa kwa usukani?"

"Hapana. Hilo ulifanya vizuri."

"Basi! Hizo tofauti za saa ni mambo ya karatasi. Nilichanganya siku. Msiba huchanganya."

"Hata cheti kilichanganya, nawe ndiye uliyekiandikisha. Uliposikia mama ameaga, kwa nini hukushuka?"

"Kwa giza lile? Wewe hujaiona ile barabara. Upande mmoja mwamba, upande mwingine unaona mto chini kama uzi. Nilitaka, nikamwomba dereva, akakataa katakata. Alisema amechoka, taa moja ya gari haiwaki, tungoje kukuche."

Kalume alimsogezea kinasa sauti.

"Dereva yupi, mzee?"

Mogaka alisukuma miwani juu ya pua.

"Ripoti yako ukurasa wa sita, dereva na gari walikuwa mjini kwa Jedidah tangu saa sita mchana. Hapa umesema jioni ulikuwa nao kijiji cha juu."

"Umenitega."

"Nimekuuliza kwa nini hukushuka."

Mogaka alivua miwani, akaiweka juu ya rekodi ya lori. Sauti ya kipaza sauti ilikuwa imekwisha. "Mkuu wa wilaya alichelewa. Alifika saa tisa. Tulikuwa tumetangaza, watu hapa walikuwa wamekesha wakitazama kwenye simu zao. Nikasema saa moja zaidi. Nesi yuko naye. Halafu yule ni mtu wa milimani, mwenyewe alisema." Alisugua pua. "Kiprop amejua?"

"Yeye ndiye aliyenipa karatasi."

"Alisema nini?"

"Ana swali moja." Kalume alifungua daftari akasoma kama lilivyoandikwa. "'Muulize hivi. Saa ile alikuwa anapiga simu ndio mimi nirudishwe nyumbani salama, hiyo gari ilikuwa imeparkiwa wapi?'"

Mwenyekiti alitazama kinasa sauti, ambacho taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka. Alitazama mlango.

"Nje ya dirisha langu," alisema.

Kalume aliandika maneno hayo manne, akaandika saa na tarehe, akamgeuzia daftari na kumpa kalamu.